Ghorofa ya Nne Kule Misri

Benchi lenyewe nililichomelea mimi, kwa vyuma vilivyobaki, nikaliweka nje ya karakana yangu kando ya barabara ya Namanga ili wateja wa mageti wawe na pa kukaa wakingoja. Mteja hajawahi kulikalia. Tangu siku ya kwanza lilitekwa na watu wasio na haja ya geti, na mwaka huo wa 2006, Kitengela ikiwa inapimwa na kuuzwa mpaka njia za swara, hawakuwa na neno jingine midomoni ila plot. Kuna Kinyanjui, dalali wa mashamba, tunayemwita Beacon, jina la yale mawe ya mipaka ya shamba, kwa sababu hata akija kuketi huangalia kwanza kona nne za benchi. Kuna Katoo, tunayemwita Landlord. Nusu ya mtaa huu ilikuwa malisho ya baba yake, ikauzwa kipande kwa kipande, na mpaka leo Katoo hutembea katikati ya barabara, magari yamzunguke. Kuna Mbeke anayeuza kahawa ya tangawizi na mandazi kwenye meza iliyoegemea ukuta wangu, na ukuta huo halipii kitu. Na kuna Mzee Mulinge, jina lake la benchi ni Magadi, maana alifanya kazi kule kwenye ziwa la magadi tangu ujana mpaka akastaafu. Mimi ni Ngigi, fundi. Jumamosi hiyo nilikuwa na mageti mawili ya kumaliza kabla ya jua kutua, na kwa sababu ya watu hawa sikumaliza hata moja.

Ilianza Mzee Mulinge alipotoa ndani ya koti kitabu cha picha, zile karatasi nzito zinazong'aa, akakiweka juu ya magoti na kusema huku akiangalia barabarani:

Mulinge: Leo saa kumi wananiletea karatasi hapa, naweka sahihi. Ile plot yangu inaenda.

Mbeke: Umeuza?

Mulinge: Siuzi. Nabadilisha. Nawapatia plot, wananipatia nyumba Misri.

Mbeke: Misri gani?

Mulinge: Kwani ziko ngapi? Ile ya Biblia. Mahali panaitwa Hurghada, kando ya Red Sea. Watalii wamejaa huko mpaka wanajenga usiku na mchana. Mtu akiwa na nyumba huko ni kama ako na ng'ombe ya maziwa.

Beacon: Ngoja, ngoja. Unatoa plot ya Kitengela, yenye msingi imeshachimbwa, na hujaniambia mimi?

Mulinge: Ungeniambia nini?

Beacon: Ningekuuliza kama umeenda site! Mzee, hakuna kitu inanunuliwa bila kuenda site. Hapa hata kampuni ya wakora inakupakia kwa basi, inakupeleka mpaka huko Isinya, inakupatia soda na nusu mkate, unasimama kwa plot yako upepo unakupiga. Wewe umepewa soda?

Mulinge: Nilipewa chai. Kwa ofisi yao, Nairobi.

Beacon: Chai ya ofisi! Umesikia, Fundi? Mtu anapewa chai Nairobi anaachilia shamba Kitengela.

Kwa mtu asiyejua mambo ya hapa kwetu, lazima nieleze. Kitengela plot inanunuliwa kwa miguu. Unatembea kutoka kona hadi kona, unapiga beacon teke uone kama imeshika, unamsalimia jirani, unamtafuta mzee aliyekuwa akichunga hapo zamani akwambie kama kuna ugomvi wa kifamilia. Baada ya hapo unakuja kwangu kuagiza geti. Geti kwanza, ukuta na nyumba vitakuja Mungu akipenda. Nimetengeneza mageti mengi yanayosimama peke yake katikati ya nyika, yamefungwa kufuli, na ng'ombe wanapita kando bila taabu. Kwa hivyo benchi langu liliposikia Misri, lilifanya kitu pekee linachojua kufanya. Lilianza kuinunua Misri kwa njia ya Kitengela.

Katoo alikichukua kile kitabu, akakiangalia kwa makini, kwanza akikishika kichwa chini.

Katoo: Mwenye hapa ni nani?

Mulinge: Kampuni.

Katoo: Hapana. Mwenye. Yule ng'ombe zake zilikuwa hapa kabla kampuni ikuje. Kila mahali kuna mzee. Hata hapa Fundi amekaa kuna mzee.

Mimi: Hapa nimekaa nalipa kodi.

Katoo: Unalipa mtu alinunua kwa mtu alinunua kwa baba yangu. Sasa huko Misri, ule mzee wa kwanza kabisa, ni nani?

Mbeke: Si ni Farao.

Waliangaliana. Nilidhani wanataka kucheka, kumbe Beacon alikuwa amelichukua jambo hilo kikazi.

Beacon: Haki ya nani, Farao ni shida. Ile familia ni kubwa. Na unajua vile watu wa familia kubwa hufanya. Unajenga, unaezeka, unaleta mpaka stima, halafu siku moja mjukuu anatokea na caution kutoka kortini, eti kila kitu isimame.

Katoo: Na wao wamezikwa hapo hapo. Tena na mawe kubwa juu. Mtu mwenye kaburi kwa shamba huwezi kumtoa.

Mbeke: Lakini Farao si alikufa maji? Mimi nilifundishwa Sunday school, yeye na farasi zake zote.

Beacon: Hapo ndio mbaya zaidi! Alikufa ndani ya hiyo Red Sea yenyewe. Hiyo ni kusema mwili haikupatikana. Na mtu akipotea bila mwili, mambo ya urithi inakaa kortini mpaka mawakili wazeeke. Title haiwezi kutoka, Mzee. Haiwezi.

Mulinge: Watu wananunua huko kila siku. Wazungu.

Beacon: Wazungu hawasomi Biblia siku hizi. Na tena hiyo bahari yenyewe si ya kuamini. Ilishafunguka mara moja, sindio? Leo unanunua kando ya maji, kesho inafunguka tena, kando inakuwa wapi? Surveyor ataanza kupima wapi?

Mulinge: Mimi siko kando ya maji. Niko ghorofa ya nne.

Nilizima mashine ya kuchomelea. Nilikuwa nimeapa siku hiyo sitaizima.

Mimi: Ghorofa ya nne ya nini?

Mulinge: Ya flati. Ni vyumba kwa nyumba moja kubwa. Mimi niko juu.

Beacon: Na chini?

Mulinge: Chini kuna Mrusi.

Beacon: Na udongo?

Mulinge: Udongo gani?

Beacon: Udongo, Mzee! Ile kitu plot hutengenezwa nayo!

Mulinge: Udongo ni ya wote. Kuna mtu wa kufagia.

Beacon alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwona mtu huyu akiambiwa kwamba plot aliyouza iko katikati ya mto, na hakushika kichwa.

Beacon: Mzee Mulinge amenunua hewa. Jameni, mzee wetu ametoa ardhi akapewa hewa.

Ni hapo Katoo alipokiweka kitabu chini polepole. Macho yake yalikuwa yamepanuka.

Katoo: Ngojeni kwanza. Hewa inauzwa?

Beacon: Si unaona.

Katoo: Basi mimi niliuza nini? Siku ile ya kupima nilikuwa hapo. Nilisimama na surveyor, baba amekaa chini ya kivuli ya lori, nikaonyesha kutoka kwa ule mti mpaka kwa lile jiwe. Udongo. Nilionyesha udongo. Hakuna mtu aliniuliza hewa.

Mimi: Katoo, tafadhali.

Katoo: Hakuna mtu aliniuliza, Fundi! Kwa hivyo hewa yote kutoka hapa mpaka mtoni bado ni yangu. Yule jamaa amejenga ghorofa hapo stage, chini ni yake, sina neno. Lakini kuanzia ya kwanza kwenda juu, ako kwa shamba yangu. Na amepangisha watu!

Beacon: Ai, Landlord. Na hizi ndege za kwenda airport?

Katoo: Zinapita kwangu.

Beacon: Bila kuomba njia?

Katoo: Miaka yote! Hata salamu hakuna.

Mbeke: Na moshi ya Ngigi?

Katoo: Moshi ya Ngigi inachunga kwangu tangu asubuhi. Nimenyamaza tu kwa sababu ni rafiki.

Mimi: Na harufu ya mandazi ya Mbeke je? Hiyo imeingia kwako mpaka imejenga.

Mbeke alinirushia kitambaa cha meza. Beacon alikuwa tayari anagawanya hewa ya Katoo kwa vidole, akimshauri aanze na ya kando ya barabara kwa sababu ndiyo inapanda bei haraka, na Katoo akimuuliza kama hewa inahitaji kupigwa beacon au mtu anatundika tu kamba. Tulicheka mpaka mwendesha baiskeli akasimama kutuangalia. Mzee Mulinge alicheka pia, lakini aliacha kabla yetu.

Nilikichukua kile kitabu ili nikifunge, tuendelee na kazi. Nikaangalia picha. Nikaangalia tena. Ardhi nyeupe isiyo na mti. Milima mikavu kwa nyuma. Maji makubwa ambayo ukiyaangalia tu unajua hayanyweki. Nyumba zimepangwa mistari, zote rangi moja, na katikati kidimbwi cha kuogelea. Mimi nimefika Magadi. Niliwahi kuitwa huko kutengeneza milango ya stoo, na joto lile lilinifanya nikumbuke dhambi zangu zote.

Mimi: Mzee, hapa si Magadi?

Mulinge: Umeona?

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu mwingine aone.

Beacon: Lete nione. Aii! Enyewe ni Magadi. Imekosa flamingo tu. Mzee, si wewe ulituambia hapo mbele za watu kwamba siku ulitoka Magadi ulimshukuru Mungu kwa baridi ya Kitengela?

Mulinge: Nilisema.

Beacon: Sasa unatoa plot ndio urudi kwa joto?

Mulinge: Sirudi kwa joto. Narudi kwa watoto.

Akachukua kitabu kutoka kwa Beacon, akakipangusa na mkono wa koti.

Mulinge: Nyinyi hamjakaa nyumba ya kampuni. Nyumba ya kampuni ni ya kazi. Kazi ikiisha unarudisha ufunguo, unatoka na vyombo yako, mwingine anaingia. Hakuna ubaya, tulijua tangu siku ya kuandikwa. Lakini watoto wangu walizaliwa hapo. Nzomo, Nzula na Mutunga. Walijulia kuogelea kwa kidimbwi ya hapo, watoto wa Wakamba, mama yao akisimama kando akipiga kelele. Jioni joto ikipungua tulikuwa tunatoa magodoro nje, tunalala mstari moja. Tangu nirudishe huo ufunguo hatujawahi kukaa sisi watano mahali pamoja. Hata mara moja.

Mbeke: Si wako hai wote na wako na kazi? Shukuru.

Mulinge: Nashukuru. Nzomo ako Eldoret, Krismasi anaenda kwa wakwe. Nzula ako Dubai. Mutunga ako hoteli Mombasa, Krismasi ndio kazi imejaa. Wananipigia simu, wananisalimia vizuri sana. Hakuna mwenye anakuja. Na aje wapi? Mimi na mama yao, Kalekye, tuko chumba moja ya kukodisha hapo nyuma ya soko. Kwa baba yangu huko Machakos ndugu waligawana mpaka ikabaki mawe, na hayo mawe niliachia dada yangu.

Mbeke: Basi jenga hiyo plot, Mzee. Si umechimba msingi?

Mulinge: Nilichimba. Halafu nikasimama hapo nikaangalia. Nikajiuliza, nani atatoka Dubai aje kuona vumbi ya Kitengela? Lakini Misri, mtu hawezi kukataa Misri. Watu wa siku hizi wanapenda kuenda mahali. Yule msichana wa ofisi aliponifungulia hii picha, mimi sikuona Misri. Niliona ni kwetu. Nikasema, wao pia wakiona wataona hivyo. Watakuja.

Hapo nilimhurumia kiasi cha kumkasirikia. Plot hiyo ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwenye maisha yake yote ya kazi, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Nilitaka kumwambia aache upuzi. Nilitaka vilevile kumwambia aende, apande juu ghorofani, atandike magodoro nje. Badala yake nilichukua brashi ya waya nikaanza kusugua geti lililokwisha kusuguliwa.

Mimi: Na mama watoto anasema nini?

Mulinge: Kalekye amesema nifanye vile naona.

Mbeke: Aiya! Hiyo ni hapana.

Mulinge: Najua.

Beacon si mtu mbaya. Hawezi tu kuvumilia kimya. Kwake kimya ni plot iliyokaa bure.

Beacon: Basi mimi nasema hivi. Watoto wakikataa, sisi tutakuja. Krismasi hii, benchi yote, Misri. Landlord analeta mbuzi.

Katoo: Mbuzi iko. Lakini itapandaje mpaka juu?

Mulinge: Kuna lift.

Katoo: Mbuzi ya hapa haijazoea lift. Itaanza kupiga kelele, Mrusi anatoka nje na suruali ya kulala.

Mbeke: Na mtachinjia wapi, nyinyi? Kwa chumba?

Beacon: Kwa hiyo veranda ya mbele. Ndio hii kwa picha. Ni kubwa, angalia.

Mbeke: Na damu?

Kila mtu akafikiria veranda ya chini. Tukamwona Mrusi amekaa kwenye kiti chake, amevaa miwani ya jua, anakunywa maji ya matunda kwa mrija.

Katoo: Tutamwitia nyama. Jirani ni jirani. Akishakula mbavu hatauliza damu ilitoka wapi.

Mulinge alicheka tena, na safari hii alicheka mpaka mwisho. Akasema Mrusi apewe ini, kwa sababu ni mgeni. Nilifurahi kumwona hivyo. Nikasahau kabisa kwamba kuna mtu anakuja.

Gari dogo jeupe lilisimama, akatoka msichana mwenye viatu virefu ambavyo vumbi la Kitengela lilivimeza mara moja. Mkononi alikuwa na faili.

Celine: Habari zenu, wazee. Mama, habari. Samahani nimechelewa, hapo Mlolongo kulikuwa na malori imejaa. Mimi naitwa Celine. Baba, umeshinda aje?

Mulinge: Salama, msichana wangu. Hawa ni marafiki. Jameni, huyu ndio yule wa ofisi.

Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Nilitaka awe na meno ya dhahabu, awe anaongea haraka haraka asitazame mtu machoni. Badala yake alikuwa binti wa watu tu, mwenye njaa ya mchana, aliyenunua mandazi kwa Mbeke na kuyala akiwa amesimama, akamsifu. Nilimpisha benchini. Beacon alimhoji kidogo kuhusu Farao; Celine akasema hakuwa na habari lakini ataulizia ofisini. Halafu akafungua faili juu ya meza ya Mbeke, akasogeza sufuria ya kahawa kando.

Celine: Baba, leo si mingi. Unasign hapa na hapa, basi. Lakini hii nyumba inakuja na vitu ndani. Viti, meza, friji, mapazia, wanaweka wao. Kuna kitu moja tu waliniambia nikuulize ndio watayarishe.

Mulinge: Uliza.

Celine: Tuweke vitanda ngapi?

Mzee Mulinge aliangalia vidole vyake, akakunja kimoja, nadhani hicho kilikuwa chake na Kalekye. Akakunja cha pili. Akakikunjua.

Celine: Watoto ni wangapi?

Mulinge: Watatu. Nzomo ako na bibi, na watoto wake.

Celine: Kwa hivyo tuseme vitanda za watu wazima na za watoto. Watakuwa wanakuja wote pamoja ama kila mtu na wakati yake?

Mulinge: Hiyo sijui.

Celine: Wao wamesema aje?

Mulinge: Sijawaambia. Nilitaka waone tu ufunguo.

Beacon alianza kusema waweke kumi, akaishia "Wek". Celine hakucheka wala hakukunja uso. Alifunika kalamu.

Celine: Waulize basi, baba. Mimi naweza kungoja. Hapa kuna kivuli.

Kwenye ncha ya meza Mbeke ana simu ya jamii, zile kubwa za mezani zisizo na waya, zenye antena ndogo nyuma. Sauti yake ni kubwa kama ya kipaza sauti. Mtu akipiga, benchi zima tunajua nani ni mgonjwa na nani ameachwa. Mbeke aliipangusa unga, akamsukumia mzee bila neno. Mulinge alibonyeza namba za Nzomo, kifungua mimba wake, polepole, kwa kidole kimoja.

— Haloo? Baba? Kuna nini? Mama ako sawa?

— Ako sawa. Hakuna kitu. Nataka kuuliza tu kitu kidogo.

— Uliza, baba.

— Krismasi mkikuja nyumbani, mtakuwa wangapi?

Kulikuwa na sauti za watoto huko Eldoret, mmoja analia, mwingine anaambiwa arudishe kitu. Kisha Nzomo akasema:

— Nyumbani wapi, baba?

Hakuwa amemkosea heshima. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua ashukie wapi.

Mzee Mulinge aliuondoa mkono wa simu sikioni, akatugeukia. Nyie watu mnaojua kila kitu, macho yake yalisema, jibuni. Benchi langu lilikuwa limempatia Farao kesi na Katoo mawingu, na sasa hakuna aliyekohoa. Beacon alikuwa anaangalia viatu vyake. Katoo alikuwa anaangalia upande wa mtoni. Mimi nilikuwa na brashi ya waya mkononi na sikujua niiweke wapi, kwa sababu mimi pia nina watoto na sijawahi kuwaza kama wanalo jibu la swali hilo.

— Baba? Uko?

— Niko. Usikate, Nzomo. Usikate.

Akasimama. Aliinua ile simu yote, na kitako chake, akaibana kwapani, mkono wa simu ukiwa bado sikioni, akaanza kutembea.

Mbeke: Wee Mzee! Hiyo simu haitokangi hapa! Mzee Mulinge!

Hakugeuka. Alipita nyuma ya karakana yangu, akapita rundo la kokoto la jirani, akashika njia ya plot yake, ambayo iko karibu, mtu akisimama juu ya benchi anaiona. Mbeke alivua aproni akamfuata, akiita, akiuliza kama network itafika. Sisi tukapanda juu ya benchi. Celine alivua viatu akapanda pia.

Tulimwona akishuka ndani ya msingi wake, ile mitaro aliyochimbiwa mwaka uliopita na ambayo majani yalikuwa yameanza kuifunika. Maneno hatukuyasikia, upepo ulikuwa unakwenda upande wa pili. Tulimwona tu amesimama katikati ya mraba mmoja, anaongea, ananyoosha mkono huku, halafu kule, kana kwamba Nzomo anaona. Kisha aliinua mguu juu sana, akavuka kuingia chumba kingine, akasimama hapo, akaendelea kuongea. Alionyesha dirisha. Sijui nilijuaje kwamba ni dirisha, lakini Katoo alisema hivyo hivyo, na Beacon akasema limeangalia upande mzuri.

Celine alishuka, akarudisha karatasi ndani ya faili.

Mbeke alikuwa amefika kwenye plot, amenyoosha mkono adai simu yake. Tulimwona amesimama hapo ukingoni mwa mtaro, mkono umenyooka. Kisha akaushusha, akatafuta jiwe, akaketi kumngoja amalize.